Siku Shangazi Alipopanda Mlima Heha

Vijana wangu wa maji, wa Kasulu na wa Kibondo, siku ya kuniaga mlisema, "Mzee, andika kidogo yale uliyoyaona kazini, na sisi tusome." Sawa. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikuwa nakaa dirishani kuangalia ng'ombe wa baba wasiingie kwenye mihogo ya watu. Kwa hiyo mkiona mstari umepinda, unyoosheni wenyewe kama mnavyonyoosha bomba. Habari za vyeo sina: niliingia fundi bomba, nikatoka fundi bomba. Mshahara nao hauna hadithi. Ulikuwa unakuja na kuondoka, hatukuzoeana. Nitawaandikia habari ya chombo kimoja na mlima mmoja, na jinsi mlima ulivyoninyang'anya chombo.

Lakini kwanza Mzee Damasi, maana bila yeye hakuna chombo.

Mzee Damasi alikuwa fundi mkuu wetu, mtu wa upande wa Buhigwe, mfupi, anavaa koti la mvua masika na kiangazi. Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda nimechomekea shati, nikidhani nitapewa meza. Akanipa nondo. Akaichomeka ardhini mpaka ikagusa bomba, akaniambia nilale barabarani niweke sikio kwenye nondo. Watu wanapita wanakwenda sokoni, mimi nimelala na shati langu jeupe.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Sikiliza tena."

"Nasikia tumbo langu."

"Basi nalo linavuja. Nenda kale, urudi ulale hapo hapo."

Nikaenda kula, nikarudi, nikalala, na kweli nikasikia: shhh, kama mama anayembembeleza mtoto chumba cha pili. Tulipochimba tukakuta bomba limepasuka. Tangu siku hiyo sikio langu la kulia ndilo lililolisha watoto wangu. Ninyi sasa mna mashine za kusikilizia, mnazivaa kichwani kama watangazaji wa redio. Hongereni. Lakini betri ikiisha, nondo haiishi.

Tulikuwa wanagenzi wawili, mimi Bitaliho na Shabani. Shabani ni mtu wa Kibondo mjini, mrefu, miguu kama ngazi, mdomo haupoi. Babu yake alitoka Bagamoyo na mzigo wa nguo akaoa Kibondo, kwa hiyo Shabani kila siku anasema, "Sisi watu wa pwani." Bahari hajaiona hata kwenye kalenda. Nilimpenda tangu mwanzo, ila sikumwambia, angepandisha mabega.

Mzee Damasi alitufundisha mambo mengi. Utepe mweupe wa kuzibia, zungusha kufuata uzi wa bomba. Ukizungusha kinyume, ukikaza utachomoka wote kama utumbo wa kuku. Kabla ya utepe tulitumia katani na rangi ya mafuta, na nawaambieni kuna viungo vya katani pale Kasulu vitawazika ninyi wote. Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa moja: fundi hapiti maji yanayopotea. Uwe unakwenda kazini, uwe unakwenda msibani, ukiona maji yanamwagika bure, unasimama, unafunga, ndipo unaendelea. Harusi yake mwenyewe alichelewa kwa sababu ya koki ya jirani. Mkewe alikuwa bado anaisema habari hiyo wakati ana wajukuu.

Na alikuwa na Shangazi.

Shangazi ni paipurenchi, lile koleo kubwa la kukazia mabomba, la inchi kumi na nane, rangi nyekundu imebaki kwenye makunyanzi tu. Mzee alimwita Shangazi kwa sababu akishika haachii mpaka umekubali. Nimeshika paipurenchi nyingi, mpya, zinang'aa, zinateleza. Shangazi hakuteleza hata siku moja. Mzee Damasi alipostaafu alituita sote wawili, akamkabidhi Shangazi mikononi mwangu, akasema, "Anayemshika huyu asipite maji yanayopotea." Shabani akaangalia pembeni. Toka hapo, kila mwaka, kila tukikutana, Shabani anasema mzee alikuwa ameshamwahidi yeye. Alimwahidi lini? "Siku ya Kitanga."

Sasa hapa lazima nikate kona niende Kitanga, mtanisamehe.

Kitanga maji yalikuwa yanapungua njiani, hatujui yanaishia wapi. Tukasikiliza kwa nondo, shamba la mtu mmoja, mgombani: shhh, safi kabisa. Tukachimba kuanzia asubuhi. Mchana Shabani akapiga jembe likaingia pwaa, pakanuka. Tulikuwa tumechimba shimo la pombe ya ndizi ya mwenye shamba, ameifukia ichachuke, nayo inachemka kwa sauti ile ile ya bomba. Mwenye shamba akaja na panga. Mzee Damasi akavua kofia, akasema, "Tumekuja kukagua, iko sawa, funika." Ripoti aliiandika Shabani, kwa sababu yeye hanywi, akaonekana shahidi mwaminifu. Eti kwa kuandika ripoti ile vizuri ndiyo mzee akamwahidi Shangazi. Mimi nilikuwepo, sikusikia ahadi yoyote. Nilikuwa na tope la ndizi masikioni, lakini nilikuwepo.

Turudi barabarani. Mwaka 2013, kiangazi, bosi wetu Injinia Neema akatuita ofisini. Injinia Neema alikuwa binti mdogo kwa umri wetu, ameshika kazi vizuri, anatuita wazee na kutufokea kwa adabu. Akasema tunakwenda Burundi wiki moja kuona miradi ya maji ya mserereko, yale yanayoshuka yenyewe kutoka mlimani bila pampu. Akaniteua mimi kutoka Kasulu na Shabani kutoka Kibondo. "Wazee wangu, ni safari ya kikazi ya nje ya nchi. Msiniaibishe."

Nje ya nchi! Burundi kwetu ni pale, ukipanda kilima unawaona wanapika. Lugha yao na Kiha chetu ni ndugu wa tumbo moja. Lakini neno lenyewe likishasemwa na injinia linakuwa na uzito. Mke wangu, Mama Bukuru, alitangaza kwenye kwaya kwamba mume wake anakwenda nje. Majirani wakaja kuniaga kama nakwenda Ulaya. Mmoja akaniagiza saa. Mama Bukuru akanishonea suruali yangu ya kaki, ilikuwa imechanika nyuma, akaweka kiraka cha kitenge chake chenye jogoo, hakuwa na kitambaa kingine. Akasema koti litafunika. Akanifungia na chupa ya mawese kwa ajili ya wenyeji, maana hatuendi kwa watu mikono mitupu. Shangazi nikamweka kwenye mfuko wa salfeti, nikafunga kamba, nikabeba mgongoni.

Pale Manyovu mpakani ofisa akauliza, "Mzee, hiki ni nini?"

"Shangazi yangu."

Akafungua, akaangalia, akafunga, akagonga muhuri.

Wiki ile ilikuwa nzuri. Tuliona matenki, tukaona chemchemi zilizojengewa vizuri, tukala viazi mpaka Shabani akaanza kuota viazi. Baridi ya kule si ya mchezo. Nilielewa Mzee Damasi alikuwa anajiandaa kwa kitu gani na koti lake. Mwenyeji wetu kwenye skimu ya kijiji kimoja, ambacho jina lake naliacha kwa heshima yao, alikuwa Mzee Nestori. Wao wanamwita fontenye, ndiye mwangalizi wa bomba la kijiji: anafungua, anafunga, anaziba. Mtu mpole, kiatu cha mpira mpaka gotini, anacheka kabla hujamaliza neno.

Jumamosi jioni tukiwa mezani, Injinia akasema kesho Jumapili hakuna kazi, Mzee Nestori atatupandisha Mlima Heha, ule mrefu kuliko yote Burundi, tukaone na ziwa, turudi jioni. Akaongeza kwamba mlima wenyewe si wa kamba na ndoano, ni majani na njia ya ng'ombe. Shabani akaniangalia tumbo.

"Bitaliho utabaki na gari?"

"Nibaki kwa nini?"

"Goti."

"Goti langu lina nini?"

"Mimi siyo daktari. Nasema tu sisi watu wa pwani tuna pumzi."

"Pwani gani yenye mlima?"

Injinia akaanza kucheka, Mzee Nestori naye anacheka ingawa nusu hakuielewa. Na mimi, watu wakicheka, mdomo wangu unakwenda peke yake. Shabani akasema, "Basi tuweke Shangazi. Atakayefika kileleni wa kwanza, Shangazi ni wake, na asidaiwe tena mpaka kufa." Nikasema, "Ego, nakubali, mbele ya mashahidi." Tukapeana mikono juu ya sahani ya viazi. Injinia akasema, "Nimesikia. Atakayefika wa kwanza." Nilipofika kitandani ndipo akili ilipofika. Nimekaa na Shangazi miaka yote ile, nimemweka rehani kwa goti bovu.

Asubuhi gari likatuacha kijijini. Shabani amevaa raba na fulana, anarukaruka kama mchezaji wa akiba. Injinia viatu vyake vilikuwa vimelowa jana yake kwenye chemchemi, akavaa yeboyebo za plastiki alizonunua dukani pale, za bluu. Mimi nimevaa koti na nimembeba Shangazi mgongoni, maana sikumwamini kumwacha kwenye gari.

"Asante kwa kunibebea mzigo wangu," akasema Shabani, na miguu ile mirefu ikaondoka. Injinia na Mzee Nestori wakafuata polepole wakiongea habari za mabomba. Mimi nikabaki wa mwisho nikihesabu pumzi.

Sasa, kuna jambo moja mnalijua ninyi mliozaliwa kwetu. Huwezi kumkuta mtu shambani ukampita kama gari. Unasimama, unasalimia, unauliza nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, unajibiwa, na wewe unaulizwa. Shabani ni mtu wa mjini, akawa anatupa "Amahoro!" moja kushoto moja kulia, huyo anapita. Mimi nilimkuta mama mmoja mtu mzima anachimba viazi. Nikasimama. Nikamsalimia kwa Kiha. Akaegemea jembe, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Yemwe! Unaongea kama bibi yangu aliyekufa!"

"Aliongea vizuri basi."

"Unatoka wapi, sogokuru?"

Babu, ndiyo maana yake. Nikamwambia Kasulu. Akauliza nyumbani, nikajibu. Nikauliza ng'ombe, akajibu, wawili, mmoja mkorofi. Moyoni nasema, Bitaliho, Shangazi anakwenda hivyo. Lakini mdomo hauwezi kukatisha salamu, ni kama kukata bomba lina maji. Mwisho akauliza nakimbilia wapi na mzigo. Nikamweleza habari yote, ya mashindano na ya Shabani.

"Yule mrefu aliyepita bila kusalimia?"

"Huyo huyo."

Akanyoosha jembe. "Amechukua njia ya ng'ombe, inazunguka mlima wote. Wewe panda hapa, kwenye mikaratusi, ufuate bomba. Utatokea karibu na juu kabisa."

Nikamwachia chupa ya mawese, ile iliyokuwa ya wenyeji. Naye si mwenyeji? Nikapanda. Goti linalia, koti linanata, Shangazi ananipiga mgongoni kila hatua kama anayehimiza punda. Nikatoka kwenye mikaratusi na kuona majani matupu, upepo, na juu yangu kilele chenyewe, karibu kiasi kwamba ungemwita mtu akakuitikia. Nyuma hakuna mtu. Mbele hakuna mtu. Shabani hayupo! Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Ndipo nikasikia.

Shhh.

Chini ya njia kulikuwa na tenki dogo la zege, na pembeni yake bomba la kutolea tope, valvu yake imefunguliwa, maji yanamwagika majanini, meupe, safi, mengi. Yanapotea. Jumapili, mlima mtupu, hakuna ndoo, hakuna mtu, hata ng'ombe wa kunywa hakuna. Nikajua ni wachungaji wa ng'ombe wamefungua wakaondoka. Kwetu Kasulu maji yanatoka kwa zamu, watu wanapanga ndoo foleni; mtu akiacha valvu wazi namna ile anaitwa ofisini.

Nikapiga hatua tatu kuelekea kileleni. Naungama, nilipiga tatu. Ya nne haikuja. Nikamwona Mzee Damasi na koti lake. Na mfuko wenyewe mgongoni ulikuwa mzito ghafla. Unampita nani, Bitaliho, na uliyembeba ni nani?

Nikashuka kwenye tenki. Valvu haikuwa na mpini, imebaki shina tu, limeota kutu. Nikamtoa Shangazi, nikainama, nikaanza.

Chuma kikishika chuma kina sauti yake, na fundi anaijua hata amelala. Nikasikia kwa juu yangu, "Wee Bitaliho!" Nikageuka. Shabani amesimama kwenye njia, ameshatokea upande ule wa ng'ombe, jasho linamtoka, na kilele kiko nyuma ya mabega yake. Hatua mia, pengine hazifiki. Ashindwe na nini?

"Unafanya nini hapo?"

"Maji yanapotea."

Akaangalia juu. Akaangalia maji. Akaangalia juu tena. Nikaona mguu mmoja mrefu unataka kwenda, mwingine umekataa. Nikainama kuendelea, sikutaka kuona anavyoondoka.

"Unamshika vibaya!" akapiga kelele. "Mgeuze! Mdomo ukae upande wa kuvuta!"

"Nimemgeuza!"

"Hujamgeuza, nakuona hapa! Toka, toka uniachie!" Akashuka mteremko kwa makalio, raba mbele, na kuja kushika mpini pamoja na mimi. Mikono minne juu ya Shangazi. Hapo hakukuwa na Kibondo wala Kasulu. Yeye anasema vuta, mimi nasema subiri, yeye anasema wewe ndiye uliyechimba pombe ya watu, mimi nasema jembe lilikuwa lako. Shina likalia, likazunguka nusu, likazunguka tena, na maji yakapungua, yakawa uzi, yakakata. Kimya. Tukakaa chini, migongo kwenye zege, tunahema. Nakwambieni kweli, kazini nimefurahi mara nyingi, lakini ile ilikuwa kubwa.

"Mzee angetuona," akasema Shabani.

"Angesema tumechelewa."

Kwa juu kabisa tukasikia sauti ya kike. "Wazeee! Nimefikaaa!"

Injinia Neema. Yupo kileleni, mikono juu, yeboyebo za bluu, na Mzee Nestori pembeni yake anacheka. Walipita juu yetu wakati tumeinama, hatukuwasikia kwa kelele zetu, na Mzee Nestori alidhani tumeinama kunywa maji. Kisha Shabani akasema taratibu, "Tulisema atakayefika wa kwanza."

"Tulisema."

"Hatukusema atakayefika wa kwanza kati yetu."

"Hatukusema."

Tukamwangalia Shangazi amelala majanini, ametulia, kama si yeye anayebadilisha ukoo.

Injinia akapiga kelele tena, sasa anaonyesha kidole bondeni. "Kile cheupe kule chini ni nini?"

Tukasimama. Kule kijijini, kati ya migomba, kuna kitu cheupe kimesimama wima, kirefu kuliko nyumba.

"Moshi," akasema Shabani.

"Moshi hauna upinde wa mvua," nikasema. Ulikuwa na upinde mzuri sana, rangi zote.

Mzee Nestori akaacha kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima. Akashuka mlima mbio na viatu vyake vya mpira, anatupigia kelele kwa Kirundi, na mimi nilivyo Muha sikuhitaji mkalimani. Habari ilikuwa hivi. Valvu ya kupeleka maji kijijini ilikuwa imechoka, haifungi vizuri. Jana yake alikuwa anaunga koki mpya kwenye boma moja, hakumaliza. Sasa ili maji yasishuke huko, asubuhi kabla ya kutupokea alipanda akafungua ile ya tope, tenki limwagikie majanini mpaka Jumatatu. Na kule chini kwenye mdomo wa bomba alichomeka gunzi la mahindi, kuzuia vyura. Sisi tuliyasimamisha maji yaliyokuwa yamefunguliwa kwa makusudi na mwenye bomba mwenyewe. Maji yakajaa tenki, yakaona njia moja, yakashuka mlima wote, yakakuta gunzi.

Tukafungua tena haraka, mikono minne, safari hii bila ubishi, tukateremka. Goti langu halikusema neno, lilikuwa na aibu.

Boma lenyewe siku hiyo lilikuwa na wageni. Upande wa mvulana umekuja kumposa binti, watu wamekaa kwenye mikeka wamependeza. Tuliambiwa msemaji wa upande wa binti, mzee mmoja hodari wa maneno, alikuwa amesema kwa muda mrefu sana habari za ng'ombe, rangi zao na pembe zao na mama zao, na hakuna aliyeona mwisho wake. Ndipo gunzi likatoka. Likapita juu ya kichwa cha msemaji, likapiga mtungi wa pombe ya ndizi, ukavunjika, na maji yakafuata kwa wote bila kubagua ukoo. Tulipofika kila mtu amelowa, akina mama wanakamua vitenge, msemaji ameshika kofia yake kama kuku aliyenyeshewa.

Baba wa binti akasimama. "Ni nani?"

Shabani alinionyesha mimi. Mimi nilimwonyesha Shabani. Injinia Neema akasogea mbele, akapiga goti kama binti aliyelelewa, akasema kwa upole, "Baba, ni wangu wote wawili. Ni wazee wazuri. Wakiona maji yanamwagika wanapoteza fahamu."

Akanigeukia, akanyoosha mkono. "Mzee, Shangazi wangu yuko wapi?"

Nikamtoa kwenye mfuko, nikampa. Alikuwa mzito kwake, akamshika kwa mikono miwili. Nikasubiri. Nilidhani atafunga safari naye, au atamtupa mtoni kwa hasira. Akamwangalia juu na chini, akanirudishia.

"Nakuazima. Ungeni hiyo koki sasa hivi. Na kuanzia leo, kabla hamjafunga kitu chochote mahali popote, mnauliza."

Tukaiunga koki mbele ya wakwe. Shabani anazungusha utepe, mimi nakaza, Mzee Nestori anarudia kucheka polepole. Mavazi yakaanikwa uani kila mahali, watu wakakaa juani, na kwa kuwa msemaji alikuwa amesahau alipoishia, posa ikamalizika kabla viazi havijaiva. Mvulana mwenyewe akanipitia kwa nyuma, akanipa mkono kimyakimya, akaubana sana, akaenda zake.

Kileleni sikufika. Shabani hakufika. Tulirudi kwenye gari jua linashuka, hatujaliona ziwa. Na hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, maana nilipofika Kasulu, Mama Bukuru alikuwa ameshawaambia kwaya nzima kwamba mume wake amesimama juu ya mlima mrefu kuliko yote Burundi. Wakaja kuuliza. "Kule juu kukoje?" Nikasema, "Baridi." Siku ya pili nikasema, "Ziwa linaonekana." Hiyo niliazima kwa Injinia kama nilivyoazima Shangazi. Mpaka mwisho wa mwaka nilikuwa naonyesha kwa mkono Kongo ilipokaa.

Kazini tuliendelea. Shangazi alikaa nyuma ya mlango wa Injinia, kwenye msumari. Asubuhi nikimhitaji nabisha hodi. "Unakwenda kufunga nini?" Namwambia. "Umeuliza nani amefungua?" Mwanzoni nilisema ndiyo bila kuuliza. Baadaye nikawa nauliza kweli, na mtashangaa, mara nyingi kulikuwa na mtu aliyefungua kwa sababu yake. Mzee Damasi hakutufundisha hilo. Hata Shabani aliacha kudai. Akija Kasulu anakwenda kwanza kumsalimia Shangazi mlangoni, anampigapiga mpini, anamwambia Injinia, "Mtunze, huyu ni mtu wa pwani."

Mwaka 2015 mkaniaga. Mlikuwepo, mlikula pilau. Ninyi mliokaa nyuma hamkuona vizuri, nawaambia. Nilimwomba Injinia nimshike Shangazi mara ya mwisho. Akamleta. Akaniambia mbele ya wote, "Mshike, mzee, lakini usifunge kitu." Mkacheka. Nikamshika. Nilitaka kusema maneno, nikaishia kumfuta mpini kwa mkono wa shati, nikamrudisha. Ni wenu sasa, yuko kwenye msumari ule ule, na swali la mlangoni mnalijua.

Kisha Injinia akanipa zawadi imefungwa kwenye gazeti, ndani ya fremu ya kioo. Mama Bukuru akaipokea kwa vigelegele, akaifungua yeye, kwa kuwa picha alishaambiwa ni ya Mlima Heha.

Ilikuwa ya Mlima Heha. Injinia aliipiga kwa simu yake akiwa kileleni, ameelekeza chini. Majani, tenki la zege, na wazee wawili wameinama, vichwa havionekani, makalio juu, na katikati yao Shangazi ameshikwa na mikono minne. Koti la mmoja limepanda mpaka mabegani.

Mama Bukuru akaisogeza karibu na macho.

"Huyu ni nani?"

"Shabani," nikasema.

"Na huyu wa koti?"

"Huyo... ni mwenyeji mmoja, fontenye."

Akaangalia tena, kwa muda, kama anayesikiliza nondo.

"Baba Bukuru," akasema, "jogoo huyu nilimshona mimi."